Nikitoka wanasema nakula bata

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Lindi mjini. Huu ni mwezi wa saba niko Leipzig, Ujerumani, nasomea uuguzi. Ni mafunzo ya miaka mitatu, huku darasani huku wodini, na wanakulipa posho wakati unajifunza. Nikishatoa kodi ya chumba nabaki na kama euro 600 za kula, nauli na kutuma nyumbani. Kazi naiweza. Lugha inanitoa jasho lakini naenda nayo hivyohivyo. Kinachonishinda ni wikendi.

Siku za kazi sina hata nafasi ya kuwaza. Ikifika Jumamosi ambayo sina zamu, nafua, nawahi dukani kununua vitu vya siku mbili, halafu basi. Jumapili ndiyo usiseme. Mji unakuwa kama umefiwa. Maduka yamefungwa, barabarani wanapita wazee na mbwa wao. Mwezi wangu wa kwanza niliwasha mashine ya kufyonza vumbi Jumapili asubuhi, jirani wa chini akapanda kugonga mlango. Hakufoka. Aliingiza kichwa, akaninyooshea kidole kalenda yangu ya ukutani, akashuka zake. Tangu siku hiyo hata bomba la maji nalifungua kidogokidogo.

Julai nilitoka na wenzangu wawili wa darasani tukaenda ziwa moja hapa linaitwa Cospudener See. Ilikuwa siku nzuri, Shangazi. Nikapiga picha moja nimekaa mchangani, nyuma yangu maji na boti za matanga, nikaiweka status. Kabla sijafika nyumbani baba mdogo kaandika: "Naona mambo yamekunyookea. Bati za nyumba ya bibi bado thelathini." Dada yangu naye: "Wenzetu mnakula bata." Boti sikuipanda hata moja. Siku nzima nilitumia euro 2 za aiskrimu.

Tangu hapo sitoki. Mama akipiga Jumapili namwambia niko kazini nitampigia baadaye, kumbe niko kitandani natazama dari. Najua ni uongo na unaniuma.

Halafu sijui wenyeji wanatokaje. Binti mmoja wa darasani aliniuliza, twende tukanywe kahawa? Kwetu mtu akikuambia twende tukanywe chai, keshajipapasa mfuko. Nikaagiza kahawa na kipande cha keki. Mhudumu akaja akauliza "zusammen oder getrennt?", yaani pamoja au kila mtu yake. Mwenzangu akajibu upesi: getrennt. Mimi nilikuwa na sarafu za euro 3 na kadi, na kadi hawapokei. Akanilipia. Jumatatu nikamrudishia, nikamzidishia kidogo kwa kukosa chenji, akafungua pochi akanirudishia senti 10. Hiyo senti 10 ilinichoma kuliko deni lenyewe.

Sasa kuna mama mmoja wodini kwetu, muuguzi wa siku nyingi, umri kama wa mama yangu. Kanialika mara mbili twende "spazieren" Jumapili mchana, kutembea. Nikamuuliza kutembea kwa nani? Akacheka, akasema si kwa mtu, kutembea tu, msituni au bustanini kwake. Nikasingizia zamu. Wiki mbili zilizopita akaniletea keki ya matunda fulani kama zambarau, ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko wa buluu. Keki nimeila. Bakuli liko dirishani linanitazama.

Je, nakosea kukaa ndani nikatunza pesa? Na nikitoka, nifiche? Huyu mama nimjibu nini?

Binti wa Lindi, Leipzig

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikamata ni swali ulilomuuliza huyo mama: kutembea kwa nani? Nilicheka peke yangu, maana na mimi niliwahi kuliuliza.

Kwetu mtu hatembei hivihivi. Ukisema umekwenda kutembea, maana yake umekwenda kwa shangazi, kwa mzazi, kwa mgonjwa. Unafika unapiga hodi, unapewa kiti, birika linainjikwa, na ukiaga mapema wanalalamika. Mtu anayezunguka vichakani bila kumwendea mtu tunamuulizia kama nyumbani kwake kuna amani. Wenyeji wako huko wameyageuza. Nyumba kwao hufunguliwa mwisho, baada ya kujuana sana. Kwanza mnatembea, bega kwa bega, saa nzima au mbili. Nilikaa nao miaka 11, na mambo yote mazito niliyowahi kuambiwa na Mjerumani, nani ameota uvimbe, nani anaachana na mumewe, niliambiwa njiani, sote tukitazama mbele, hakuna aliyemkazia mwenzake macho. Huyo mama alipokuambia twende tutembee alikuwa anakutandikia mkeka, na wewe umemkatalia mara mbili. Uzuri ni kwamba hajui umekataa. Anajua una zamu.

Na huko bustanini kwake usidhani ni uani kwa nyumba. Leipzig ndiko vilikoanzia vyama vya bustani ndogo vinavyoitwa kwa jina la daktari Schreber. Cha kwanza kiliundwa 1864, na mpaka leo mji umezungukwa na vishamba hivyo, kila kimoja na kibanda chake, ua wake na lango lake la chuma. Wanavikodi kwa chama, na chama kina masharti kuliko msikiti. Theluthi moja ya shamba lazima iwe mboga na matunda, na ua wakiuona umerefuka wanakuandikia barua. Lakini mtu akikukaribisha humo ndani jua amekufikisha barazani. Atakupa reki usombe majani. Usione anakutumikisha, ndiyo maongezi yenyewe hayo. Ukimwambia unajua kulima mchicha na bamia atakuuliza mpaka kiza kiingie.

Mkiagana saa, sikiliza vizuri. Mwaka wangu wa kwanza mwenzangu aliniambia tukutane "halb drei". Mimi nikasikia nusu, nikasikia tatu, nikajua ni tatu na nusu kwa saa zao, nikatokea saa tisa na nusu mchana. Kumbe halb drei ni nusu ya kuiendea tatu, yaani saa nane na nusu. Nilikuta benchi tupu. Alikuwa amenisubiri dakika 20, akaondoka, na kesho yake aliniuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa. Tangu hapo kila saa naiandika kwa tarakimu naionyesha: 14:30, ndiyo?

Sasa habari ya kahawa. Shika neno moja: einladen. Mtu akisema "ich lade dich ein", analipa yeye, kula usiogope. Akisema twende tukanywe kahawa, amekualika mdomo wako na miguu yako, pochi njoo nayo. Na kila ukitoka uwe na noti ya euro 20 mahali, kwa sababu wapo mpaka leo wasiopokea kadi, tena bila aibu. Ile senti 10 iondoe moyoni. Kwetu kadeni kadogo kanatuweka karibu. Nakudai sukari, unanidai chumvi, ndio ujirani. Kwao kadeni hako hako kanawakosesha raha. Alipokurudishia senti 10 alikuwa anakuambia hatudaiani, tunaweza kwenda tena. Nina hakika kabisa binti huyo anadhani mlikuwa na jioni nzuri.

Jirani wa kalenda naye msamehe. Ukimya wa Jumapili umo kwenye katiba yao. Ni kifungu cha 1919 kilichohamishiwa kwenye katiba ya 1949, kinachosema Jumapili ni siku ya kupumzika kazi na kuinua roho. Kwa hiyo usifyonze vumbi, usitoboe ukuta, usiende kutupa chupa kwenye pipa la vioo la mtaani. Maji ya bomba fungua, kwani unaoga au unaiba? Na chakula kikikuishia usilale njaa: waoka mikate hufungua saa chache asubuhi, na pale stesheni kuu ya Leipzig kuna maduka yanayofungua hata siku hiyo.

Twende kwenye bati.

Picha haina bei, mwanangu, hilo ndilo tatizo lake. Mtu wa Lindi akiona mchanga, maji na boti za matanga, anahesabu hoteli ya kitalii. Hajui kwamba ziwa hilo lilikuwa shimo la makaa ya mawe, likajazwa maji, na leo mwenye baiskeli na mwenye miguu wote wanaingia bure. Umeonyesha picha ukanyamaza, wakajaza wenyewe. Siku nyingine piga picha, kisha mtumie mama sauti: "Mama, hapa ni bure, nauli nimelipa ya mwezi mzima, nimekula aiskrimu ya euro 2, keki nimetoka nayo nyumbani." Mama huyo atamjibu baba mdogo vizuri kuliko utakavyomjibu wewe. Simu yako ina mahali pa kuchagua nani aone status na nani asione. Ukimweka pembeni baba mdogo sioni dhambi. Bati thelathini za bibi ni shauri la ukoo mzima, na yeye mwenyewe ana mfuko.

Kutuma nyumbani tuma, lakini kiasi kimoja na tarehe moja, nao waambie. Mimi nilikuwa natuma tarehe 3. Siku nyingine zote mfuko wangu ulifungwa kama duka la huko siku ya Jumapili. Mwezi wa kwanza walinuna, wa pili wakauliza, wa tatu wakaanza kupanga mambo yao kwa tarehe hiyo. Halafu tenga euro 15 kwa mwezi za kutokea, ziweke kwenye bahasha, na zikiisha umekwisha toka.

Ila mama usimwambie tena uko kazini. Hapo sikuungi mkono. Ukimwambia huna zamu atataka kujua umekula nini na mbona sauti iko hivyo, basi. Anachokosa kwa uongo huo ni sauti yako, na wewe unakosa yake, siku ambayo ndiyo unaihitaji. Mpigie Jumapili hii. Sasa hivi mmepishana saa moja tu, lakini usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba huko saa zinarudishwa nyuma na mtapishana mbili, kwa hiyo ukichelewa utamkuta amelala. Na kutoka nako uanze kabla ya Desemba. Jua la Leipzig mwezi huo huzama saa kumi jioni, maghribi inakukuta na kikombe cha chai ya mchana mkononi, na mtu ambaye hana mahali pa kwenda Jumapili huanza kulala saa moja usiku. Nimeona wenye nguvu kuliko wewe wakilala hivyo mpaka Machi.

Nauli sasa. Ulizia wodini wenzako wanatumia tiketi gani ya mwezi. Ile inayoitwa Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikafika 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Inakupandisha tramu, basi na treni za mikoa nchi nzima. Zile za mwendo kasi, ICE na IC, hapana. Wapo waajiri wanaochangia, na wanagenzi hupunguziwa kwa njia mbalimbali kila jimbo, kwa hiyo uliza ofisini kabla hujalipa bei kamili. Ni ya kujiunga: usipoivunja kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Ukikamatwa huna tiketi faini ni euro 60, na ikiwa tiketi imo kwenye simu na simu imezima, mkaguzi hana la kukusaidia. Toka na chaji. Na ukiona kwenye ratiba herufi SEV, ujue reli inatengenezwa wikendi hiyo na mtapandishwa basi. Ongeza saa nzima kwenye safari yako.

Ukishakuwa na tiketi hiyo, nina ziara moja ya kukutuma, na ni kwa mtu wa kwenu. Panda treni za mkoa uende Berlin, kama saa mbili na nusu mpaka tatu kwa kubadilisha njiani, kisha nenda Museum für Naturkunde mtaa wa Invalidenstraße. Ukumbi wa kwanza kabisa, inua kichwa. Ndiye mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa huko kwenu Lindi, yule ambaye nadhani umemsikia tangu shule ya msingi. Mifupa imesimamishwa mita 13.27 kwenda juu. Mimi nilisimama miguuni kwake na nilimfika kwenye goti, au hata goti sikulifika. Walimchimba kati ya 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kumalizika, na waliotoa jasho ni mamia ya watu wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani kwa miguu, siku kadhaa, mpaka bandarini Lindi. Pengine babu wa babu yako alibeba ubavu. Kama arudishwe au abaki ni mjadala uliofika hadi bungeni Dodoma, na wewe ukisimama pale utakuwa na la kusema kuliko wengi wanaousemea. Nilimkuta mzee mmoja anamweleza mjukuu wake kuwa mnyama huyu ametoka Afrika. Nikamwambia ametoka kwetu, Tanzania, mkoa wa Lindi. Mtoto alinitazama mimi, akamtazama mjusi, akanitazama tena, kana kwamba tunafanana. Beba kitambulisho cha mafunzo upunguziwe kiingilio, na Jumatatu usiende, wanafunga. Huyo mwenzako wa senti 10 mwambie mfuatane.

Jumamosi za kawaida hazihitaji makuu hayo. Nenda asubuhi Eisenbahnstraße, kwenye maduka ya Waarabu na Waturuki, upate bamia, nyama halali na iliki, na ukirudi wiki tatu mfululizo kwenye duka lilelile mwenye duka ataanza kukuwekea. Chuo Kikuu cha Leipzig nacho kinafundisha Kiswahili, maana yake mjini humo wapo Wajerumani wanaotafuta mtu wa kuwarekebisha ngeli. Bandika karatasi kwenye ubao wao: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, tukitembea. Ziwani rudi kiangazi kijacho, ila ukiona bango la herufi FKK geuza njia, watu wa upande huo wanaoga kama walivyozaliwa, wazee kwa vijana, na wanasalimia. Mimi hakuna aliyenionya.

Limebaki bakuli. Lishushe dirishani leo. Sisi hatumrudishii mtu chombo kitupu, na kwa bahati visheti havitaki kitu kigeni: unga, siagi, sukari, iliki ya Eisenbahnstraße na mafuta ya kukaangia. Kaanga Jumamosi jioni, si Jumapili, na madirisha wazi, isije kengele ya moshi ikamleta tena yule jirani. Vikipoa vijaze humo mpaka mfuniko wa buluu ugome kidogo. Jumatatu mpe, na umwambie hivi: "Sonntag habe ich frei." Jumapili nina nafasi. Atakutajia saa. Iandike kwa tarakimu, umwonyeshe.